Mumiani Aliyerudisha Damu

Nieves Callisaya alisinzia kanisani, na balaa la Leoncio Poma likaanzia hapo. Kusinzia kanisani si dhambi. Pale kijijini Ancopata, kwenye nyanda za juu za upande wa La Paz, nusu ya waumini husinzia padri akihubiri, na nusu iliyobaki huwaonea wivu. Ila Nieves alisinzia benchi la mbele, karibu kabisa na Leoncio, mtunza kanisa, na Leoncio alipotikisa kengele ndogo ya shaba wakati wa mageuzo, padri akiinua hostia, watu wote wakainama isipokuwa yeye. Aliamka misa imekwisha, midomo imepauka, akashika ukuta akasema, "Mbona nasikia kizunguzungu?" Alisema hivyo tu, lakini Ancopata maneno hayo yalitosha.

Maana nyanda zile za juu, muulize yeyote nani huwalaza watu kwa kengele ndogo, atateremsha sauti kabla hajakujibu. Karisiri. Mumiani. Hukufuata mahali ulipolala, akakufyonza mafuta na damu ubavuni, asikuachie hata mkwaruzo. Unaamka, unakwenda zako, unakula, unacheka, na huku unakauka siku hadi siku mpaka wakuzike. Na neno jingine kila mtu analijua tangu angali mgongoni mwa mama yake: aliyenyonywa na mumiani hapelekwi hospitali. Sindano ikimgusa, kwisha habari yake. Anayeweza kuirudisha damu ni yule yule aliyeichukua.

Leoncio hakujua kama ameshachaguliwa. Msemwa huwa wa mwisho kupata habari. Aliona tu watu wanahama benchi lake, wanawake wanawavuta watoto nyuma ya sketi anapopita, na mama muuza mikate anamwekea mkate wake juu ya jiwe asimpe mkononi. Akadhani labda ananuka. Mzee mjane, anayefua akikumbuka, hilo lingewezekana. Alipojinusa vidole kweli akasikia harufu, harufu ya damu mbichi. Akavisugua kwa mchanga, kesho yake akaisikia tena.

Alikwenda kwa Nieves. Leoncio ndiye aliyemshika Fermín, mwana pekee wa Nieves, siku ya ubatizo wake, akawa baba yake wa ubatizo, na tangu hapo yeye na Nieves waliitana kompadre na komadre, undugu ambao kwao huko hauvunjiki hata mkitukanana. Alimkuta mlangoni anaramba udongo mweupe. Watu wa pale huuchovyea viazi udongo ule, lakini Nieves hakuwa na kiazi.

"Komadre, udongo mtupu? Una mimba nini?"

"Labda yako, kompadre. Si wanasema unanijia nikilala?"

Wakacheka wote wawili, kisha kicheko kikaisha ghafla, kila mmoja akatazama pembeni. Ndipo Leoncio alipoviona vidole vya Nieves. Vilikuwa vyeupe kama mshumaa, ngozi imekakamaa juu yake ikang'aa.

"Zahanati wamesemaje?"

"Damu haitoshi. Wamenipa vidonge vya chuma. Nikivimeza napanda kidogo, nikivimaliza nashuka."

"Na choo chako?"

"Ala! Huyu mzee! Hata choo changu unakitaka?"

"Nijibu, komadre."

"Cheusi. Si tunakula chuño? Ulitaka kiwe samawati?"

Chuño ni viazi vilivyogandishwa na baridi vikakanyagwa na kuanikwa, vyeusi kama mawe, na Ancopata huliwa asubuhi mpaka jioni. Kila aliyewahi kuona weusi chooni mwake pale alikisingizia chuño. Marehemu mke wa Leoncio alifanya hivyo hivyo, mpaka siku aliyotapika damu akafa, na daktari akawaambia, mambo yakiwa yamekwisha, kwamba choo cheusi cha kunata ni damu iliyooza njiani. Leoncio alimuuliza Nieves kama chake kinanata kama lami. Nieves akaurudia udongo wake.

"Unavuja ndani, wewe. Twende hospitali ya mjini."

"Fermín hataki. Anasema sindano itanimaliza."

"Na wewe unasemaje?"

Nieves aliutazama udongo mkononi. "Sijui, kompadre. Nikifumba macho naisikia kengele."

Leoncio alirudi nyumbani akijiuliza. Tangu lini mtu akasikia kengele iliyofungiwa sandukuni, na ufunguo uko mfukoni mwa mtunza kanisa?

Wiki ile ile Nieves alianguka kando ya kisima akichota maji. Wakambeba mpaka ndani, hana rangi, moyo unamwenda mbio kama kuku aliyeshikwa. Mchana huo huo Leoncio akaitwa kwenye uwanja wa shule. Kijiji kizima kilikuwa kimekaa kwenye duara, wanaume na poncho zao za sufu, wanawake na kofia zao, wanatafuna majani ya koka. Hilarión, mkuu wa kijiji, alisimama katikati na fimbo yake. Pembeni yake alisimama Fermín na dumu la petroli.

"Don Leoncio," Hilarión akaanza, "lisemwalo lipo."

"Na kama halipo laja!" akadakia bibi mmoja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema Fermín, na sauti ikamkatika. "Wewe ndiye uliyenishika ubatizoni, baba. Wewe! Mama amekufanyia nini?"

Leoncio alikuwa amejiandaa kukana. Alikuwa na mashahidi, alikuwa na msalaba wa kuapia. Lakini alipomwona kijana wa watu analia huku kakumbatia petroli, alifikiri hivi: nikikana, huenda wakanichoma, huenda wasinichome, lakini Nieves atalala kwenye ngozi zake za kondoo mpaka afe, maana hakuna atakayempeleka popote. Kuna mtu mmoja tu anayeruhusiwa kumpeleka.

"Ni kweli," akasema. "Nilimnyonya."

Leoncio akaendelea, akaeleza jinsi alivyongoja asinzie, akatikisa kengele mara ya pili taratibu, akaweka mdomo ubavuni kushoto, chini ya mbavu. Maneno yalimtoka mororo, hakuyatafuta. Ubaridi wa ubavu ule aliuona mdomoni mwake alipokuwa akiusimulia, akaogopa, lakini hakunyamaza.

"Iko wapi damu?" Hilarión akauliza.

"Imo humu mwilini mwangu. Nitairudisha. Lakini hairudi kwa mdomo, inarudi kwa mpira na sindano. Lazima hospitali."

"Sindano inaua!"

"Ya mtu mwingine inaua. Mwenyewe nikiwepo, haiui."

Hilo alilibuni pale pale, akiwa amesimama juani. Lakini bibi vizee walianza kuitikia kwa vichwa, mmoja akamwambia mwenzake kwamba hata nyanya yake alikuwa akisema hivyo. Leoncio alimtazama bibi yule na nywele zikamsimama. Angekumbukaje jambo lililozaliwa sasa hivi?

Fermín aliweka dumu chini. "Sawa. Akipona, tutaona. Akifa, baba, wewe Ancopata hurudi na miguu yako."

Wakafika La Paz, watatu hao, Fermín akiendesha pikapu ya Hilarión, Nieves akiwa amelazwa nyuma na kufunikwa mablanketi mpaka puani. Hospitalini walimpima, muuguzi akatazama majibu akamtazama tena mgonjwa, akashangaa kwamba anazungumza. Damu ilihitajika upesi, nani anatoa? Leoncio akakunja mkono wa shati kabla Fermín hajafungua mdomo.

Wakamlaza, wakamchoma, mfuko ukaanza kujaa. Fermín alisimama miguuni pa kitanda, hakupepesa. Baadaye muuguzi akarudi kutoka maabara.

"Inafaa, mzee. Ni kundi lile lile la mama."

"Umesikia?" Fermín akanong'ona. "Lile lile."

Muuguzi alikuwa akieleza kwamba karibu watu wote wa nyanda za juu wana kundi hilo, lakini Fermín alishaacha kusikiliza. Ukweli ni kwamba hata Leoncio hakusikia vizuri. Aliutazama mfuko mwekundu unavyopelekwa kwa Nieves na akashikwa na wazo la ajabu, kwamba damu ile inaijua njia.

Asubuhi yake Nieves alikuwa na nguvu za kugombana, dalili njema. Daktari Ximena Arteaga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadi mahindi sokoni, alitaka kumwingizia tumboni mpira mwembamba wenye taa na kamera, na kwanza ampe dawa ya usingizi.

"Nilale tena?" Nieves akang'aka. "Mara ya kwanza nililala, yamenipata haya. Silali! Labda kompadre akae karibu nimwone."

"Kompadre akikaa, na mimi nakaa," akasema Fermín.

Daktari alichoka nao, akawavalisha makoti ya kijani, akawasimamisha ukutani. Nieves akalala. Na mara alipolala, Leoncio alisikia kengele. Ndogo, ya shaba, inalia taratibu chumbani humo. Alimshika Fermín mkono na kijana akamsukuma. Ilikuwa mashine, inalia kila moyo wa mgonjwa unapopiga. Leoncio aliambiwa hivyo na akaelewa, lakini jasho halikumkauka.

Kwenye kioo cha ile kamera tumbo likaonekana, pango jekundu la maji maji. Kule chini, karibu na njia ya kutokea chakula, palikuwa na mistari. Michirizi myekundu iliyokoza, mirefu, imetoka pande zote ikaelekea mahali pamoja, kwenye tundu. Na tundu lenyewe lilikuwa linafumbuka na kufumba, polepole, kama mdomo wa mtoto anyonyaye.

"Lo!" akasema daktari. "Hii huioni kila mwaka. Tunaliita tumbo la tikiti maji, kwa hiyo michirizi. Ni mishipa midogo ya damu imevimba chini ya utando. Inadondosha tone tone, usiku na mchana, mtu haumwi hata kidogo."

"Nani kaichora?" Fermín akauliza.

"Nani? Hakuna. Imetokea."

"Imetokeaje?"

"Huwapata zaidi wanawake wa umri wake. Wengine wana vidole kama hivi, vyeupe na ngozi ngumu, nadhani ugonjwa ni mmoja. Lakini kwa nini mishipa inajipanga hivi, kijana, sitakudanganya. Hatujui."

Fermín aligeuka akatazama mikono ya Leoncio, kisha kioo, kisha mikono, na Leoncio akajikuta ameificha nyuma ya mgongo. Mistari ile, pale kiooni, ilikuwa na upana wa vidole vya mtu.

Kisha daktari akapitisha waya ndani ya ule mpira, gesi ikatoka, umeme ukaiwasha. Moto mdogo wa samawati ukaruka kutoka ncha ya waya mpaka ukutani mwa tumbo, bila waya wenyewe kugusa kitu. Palipopita moto, wekundu ukageuka weupe. Alichoma mstari baada ya mstari bila haraka, kengele ikilia. Nieves hakutikisika, na tundu lile halikuacha kufumba na kufumbuka.

"Leo sijamaliza," daktari akawaambia baadaye. "Atarudi, na atarudi tena. Hii haizimwi siku moja. Na msimwache akae nyumbani mpaka azimie!"

Fermín alipokwenda kumtafutia mama yake supu, Nieves alimwita Leoncio kwa kidole.

"Daktari amenieleza. Kumbe wewe mwongo, kompadre."

"Mwongo mkubwa."

"Mbele ya kijiji kizima! Na ulipotaja ubavu wa kushoto, Fermín anasema, watu wawili walizimia." Alicheka, kisha akamshika mkono kwa vidole vyake vya baridi. "Usiwaambie. Daktari anataka nirudi. Ukisema hukuninyonya, Fermín hatanileta tena hapa, atasema sindano itaniua. Vumilia mpaka nipone."

"Na wakinichoma kabla?"

"Hawachomi mtu anayewarudishia damu. Wewe vumilia tu, ndugu yangu. Nakuomba."

Akavumilia, na sijui mwenzangu kama ungeweza. Nieves alirudi na rangi mashavuni, akaacha kuramba udongo, akawa anapiga kelele mpaka barabarani, na kila alivyonawiri ndivyo watu walivyozidi kuwa na hakika. Si amekiri? Si damu ilikuwa ile ile? Hilarión akachukua ufunguo, akaenda kanisani akaung'oa ulimi wa kengele akautia mfukoni. Watoto hawakumtupia Leoncio mawe, afadhali wangemtupia. Alfajiri alikuta mayai mlangoni, mahindi ya kukaanga, kipande cha jibini kwenye kitambaa safi. Hakuna aliyebisha hodi. Walikuwa wanamlisha asiwanyonye, na yeye alikula, maana njaa haina aibu, na kila tonge lilimkwama.

Usiku alianza kujifunga mkono kwenye kitanda kwa kamba ya sufu. Alijicheka mwenyewe akiufunga, lakini aliufunga. Asubuhi moja aliamka kamba imekunjwa vizuri juu ya kiti, na mkono umelala kifuani, huru. Kabla ya adhuhuri Fermín akaja mbio: mama ameanguka tena, choo cheusi.

"Umerudia!" Fermín alimkaba shingo. "Baba, umerudia!"

Leoncio aliishika mikono iliyomkaba. Mara ya kwanza alidanganya akijua kwamba anadanganya. Safari hii hakujua. Alimtazama kijana machoni akasema tu, "Twende. Nikatoe damu tena."

Hospitalini hawakumruhusu kutoa, ni mapema mno, wakamtilia Nieves damu ya benki, na daktari akachoma upya. Akasema hili alilitegemea, mishipa iliyosalia huwa inavuja mpaka yote izibwe. Leoncio alimwomba arudie hayo maneno. Akarudia. Leoncio akaomba mara nyingine, mpaka daktari akamuuliza kama na yeye anaumwa. Alikubali kwa akili, lakini kamba ile iliyokunjwa vizuri haikumtoka moyoni.

Safari zikaendelea, kila mara mzee, komadre na yule kijana asiyemwondolea macho. Mpaka siku moja kioo kikaonyesha makovu meupe matupu, hakuna mstari. Damu ya Nieves ilikuwa imesimama vizuri kwa majira mazima bila kutiwa nyingine. Daktari akasema aje apimwe tu mara kwa mara, na asisingizie chuño tena.

Sikukuu ya mtakatifu somo wa kijiji ikawadia, padri akaja, kanisa likajaa mpaka mlangoni. Leoncio alikaa benchi la mbele peke yake, nafasi tupu kila upande wake. Kengele ilikuwa magotini, bubu. Nieves akaingia amevaa sketi zake zote za sherehe. Hakwenda kwa wanawake wenzake. Alimwendea Hilarión akanyoosha mkono.

"Ulimi."

"Doña Nieves, tafadhali..."

"Nipe ulimi wa kengele, Hilarión, au nikutajie mbele ya padri mahali ulipokuwa wakati mkeo akijifungua."

Ulimi ukatoka. Nieves akaupeleka kwa Leoncio, akageuka kuwakabili watu.

"Huyu hakuninyonya. Alisema uongo ili nifike hospitali, kwa sababu kwa ukweli msingeniachia nipite. Nilikuwa navuja damu tumboni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa naumbuka hivi hivi, ninyi mnatafuna koka. Fermín, umesikia? Sasa tazameni, maana maneno hamyaamini."

Akaketi kando ya Leoncio. Akaegemeza kichwa begani kwake, kofia ikaanguka, akafumba macho.

"Piga kengele wakati wake ukifika," akamwambia chini chini.

"Komadre, usilale. Nakusihi, usilale hapa. Hujui. Kuna asubuhi niliamka mkono..."

"Nimechoka, kompadre. Acha nilale."

Akalala kweli. Padri aliendesha misa lakini hakuna aliyemtazama. Leoncio aliketi wima, mikono imeshikilia kengele, hathubutu hata kumeza mate. Mageuzo yalipofika padri akamtazama, kijiji kizima kikamtazama, na Fermín alikuwa amesimama katikati ya njia. Leoncio aliogopa kuliko siku ya petroli. Siku ile aliwaogopa wao. Akatikisa.

Kengele ililia kanisa zima. Watu wakainama, wengine wamefunika mbavu. Nieves hakuamka. Leoncio akatikisa mara ya pili, kama ada inavyotaka, na kichwa kile kizito kikabaki begani pake, hakuna kinachosogea. Aliinama akatazama midomo. Mtu mmoja nyuma akaanza kulia.

"We kompadre," Nieves akasema, macho bado kafumba, "kengele yako ina makelele. Hata mtu hawezi kulala."

Midomo yake ilikuwa myekundu. Fermín alikuja, akasimama mbele yao, kisha akakaa upande wa pili wa Leoncio, bega kwa bega, akafunika uso kwa mikono. Leoncio alileta vidole vyake puani taratibu, akanusa. Vilinuka shaba ya kengele.